Nta Yenye Harufu ya Zaatari

Jumatatu, Aprili 15

Waridi la kwanza limefunguka leo kwenye ua wa shamba letu, upande wa mfereji. Mama mkwe alilibusu akalitia kifuani. Mwalimu wetu wa darasa la akina mama pale ushirika alisema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, herufi zisije zikatukimbia. Basi huu ndio mstari wangu, na naona umeshazaa mingine. Tilila amelala. Karibu anatimiza miezi miwili. Shavu lake la kushoto limenona kuliko la kulia, wala sijui kwa nini, na mimi nalibusu la kulia zaidi lisione wivu.

Jumanne, Aprili 16

Baridi. Theluji bado iko mlimani. Hatukuchuma.

Jumatano, Aprili 17

Moha amepiga simu kutoka Agadir. Amepata chumba! Kina dirisha na bomba la maji mlangoni. Akija mwisho wa waridi atatuchukua, mimi na Tilila.

"Mbona unalia?" akaniuliza.

"Silii, nakata kitunguu."

"Simu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, kitunguu unakikata kwa meno?"

Mume wangu ananijua.

Mama mkwe alikuwa anachambua dengu, masikio yote kwangu. Akasema, "Mwanamke hatolewi nyumba hii akiwa na kasoro. Aliye mzima, Mungu amfungulie njia. Mgonjwa atibiwe hapa hapa kwanza. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi, na ndivyo walivyofanyiwa walionitangulia."

Nikasema, "Mimi mzima, mama."

Nilidanganya.

Alhamisi, Aprili 18

Nimemwambia Rqiya.

Rqiya ni dada mkubwa wa Moha. Alifiwa na mume miaka minne iliyopita akarudi kwa mama yake. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda arobaini nzima, ndiye aliyenilisha kwa mkono wake. Anajua majani ya mlima huu wote, na wanawake wa huku, kiuno kikiuma, tumbo likijaa, kwake. Baada ya waridi anaolewa na Bassou, mwuza lozi wa Bumalne, naye amerudi kuwa msichana: anajitia hina kila wiki.

Tulikuwa tunachuma, jua halijatoka, vidole vimekufa ganzi kwa umande. Nikamwambia tangu nilipomeza zile dawa za jipu la titi mwezi uliopita, titi limepona ila huku chini nawashwa, nawashwa, mpaka natamani kukalia miiba hii ya waridi. Na kunatoka kitu cheupe kizito kama maziwa yaliyoganda.

Nilitegemea atanicheka. Akaangalia huku na huku, akanong'ona, "Hata mimi."

"Wewe?"

"Toka majira ya baridi. Uape hutasema! Mjane kuwashwa huko, wifi, unajua watu watasema amekwenda kuokota kwa nani. Bassou akisikia, harusi imekwenda na maji."

Nikaapa kwa kichwa cha Tilila. Kisha tukacheka mpaka waridi zikamwagika kwenye aproni. Kumbe hata ugonjwa ukiwa na mwenzio unapungua uzito.

Jumatatu, Aprili 22

Siku ya chanjo. Tilila alilia mara moja tu, kisha akamkodolea macho muuguzi Ghizlan kama anayemdai.

Ghizlan ana ulimi. Akaniambia, "Aliyeletwa kuchanjwa ni mtoto, mbona wewe ndiye hukai kitini?" Nikaona haya, kisha nikasema yote. Akafunga pazia, akanitazama, akanawa mikono.

"Fangasi," akasema.

"Ni uchafu, dada?"

"Uchafu wa nani? Fangasi wamo mwilini mwa watu tele, wametulia. Dawa ya jipu imewaua walinzi wa mlango, basi wakaingia wakafanya karamu. Unaosha na nini?"

Nikamwambia: maji ya shabu, na sabuni, kama walivyonifundisha.

"Shabu tia kwenye ngozi ya mbuzi unayotaka ikauke. Huko ndani kunajisafisha kwenyewe, siyo sufuria ile. Maji tu, tena nje tu. Na usiingize kitunguu saumu!"

"Na majani ya zaatari?"

"Zaatari tia kwenye chai."

Vidonge vya kuingiza vimekwisha zahanatini, akaniandikia karatasi ninunue mjini. Kimoja kila ninapolala, vyote sita, hata nikijiona nimepona katikati. Akasema naweza kunyonyesha bila hofu.

Jioni nikamwonyesha Rqiya ile karatasi. Nikamwambia tugawane vidonge. Akanisukuma bega. "Wewe tia chokaa ya Ghizlan, mimi nina zaatari yangu na nta ya nyuki na karafuu. Tushindane! Atakayechelewa kupona atambebea mwenzake mzigo wa waridi mpaka kwenye mizani."

"Nimekubali."

"Utanibebea mpaka kibiongo kikuote, mwali."

Jumatano, Aprili 24

Rqiya ameniletea dawa kutoka sokoni. Mimi siwezi kwenda, mtoto mdogo na waridi zinafunguka kwa fujo. Boksi amelitupa njiani mama asilione. Vidonge amevifunga kwenye kitambaa: sita, vidogo, rangi ya maziwa, laini kidogo. Vinanukia zaatari.

"Vilikaa kwenye kikapu changu na majani," akasema. "Unataka nivitie na marashi?"

Namshukuru Mungu kunipa wifi huyu. Wengine wamepewa nge.

Alhamisi, Aprili 25

Kinachoma. Labda ndiyo dawa inafanya kazi.

Ijumaa, Aprili 26

Kuskusi ya Ijumaa. Kukaa chini kulinishinda, nikasingizia mtoto na kula nimesimama.

Jumapili, Aprili 28

Bado. Ghizlan alisema siku mbili tatu ningeona nafuu. Waridi ni nyingi mno, tunachuma mpaka mikono inanuka tamu, na mimi utamu huo umeanza kunichefua. Rqiya anaimba.

Jumanne, Aprili 30

Vyote sita vimekwisha. Nawashwa kuliko mwanzo, na pamevimba.

Rqiya alinisogelea kwenye mfereji akanong'ona, "Mimi nimepona. Kabisa! Kama sijawahi kuumwa."

"Kwa zaatari?"

"Kwa nini kingine?"

Nikamkumbatia. Nilifurahi kweli, naandika hapa mbele ya Mungu, nilifurahi. Kisha nikambebea mzigo wake mpaka kwenye mizani ya ushirika. Wanawake wakauliza kulikoni. Rqiya akasema, "Tuliwekeana dau." Wakauliza dau gani. Akasema, "La wenyewe." Tukacheka sote wawili, ila mimi kila hatua ilikuwa moto.

Alhamisi, Mei 2

Nawaza: Ghizlan kasoma miaka mingapi, na zaatari ya mlimani imemshinda.

Jumamosi, Mei 4

Nimemwomba Rqiya anitibu kwa dawa yake. Akasitasita. Akasema mwili wangu si kama wake, mimi nanyonyesha. Nikamshika mkono nikambembeleza mpaka akakubali. Alitoa kikapu chake cha dawa, akavuta mafuta ya karafuu kwa kijiti cheupe cha plastiki, kama kibomba, chenye kisukumio ndani, akadondosha kwenye sufu ya kondoo na zaatari iliyopondwa.

"Hicho kizuri," nikasema. "Umekipata wapi?"

"Kwa mwuza viungo. Cha kupimia mafuta."

Jumapili, Mei 5

Usiniulize, daftari.

Jumatatu, Mei 6

Jana nilishindwa kuandika. Ile sufu iliniunguza nikapiga kelele, mama mkwe akaja mbio kutoka kwenye tanuri na unga mikononi. Ikabidi nimwambie. Yote: kuwashwa, zahanati, vidonge. Ya Rqiya sikusema. Niliapa kwa kichwa cha mwanangu.

Mama mkwe akasimama, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anayenunua punda.

"Nimewaoza wana watatu," akasema, "nimepokea wakwe watatu, na sijawahi kusikia habari hii nyumbani kwangu. Maradhi hayo chakula chake ni uchafu."

"Mama, muuguzi amesema si..."

"Muuguzi kakupa nini? Umepona? Hukupona. Basi dawa yake na maneno yake, kapu moja."

Rqiya alikuwa pale pale mlangoni, anachambua majani. Nilimwangalia. Nilitaka aseme neno moja tu, hata "mama, inatosha." Akasema hivi, bila kuinua macho:

"Mwache, mama. Bado mdogo. Atajifunza kujisafisha."

Nimeyaandika kama yalivyo. Nimeyasoma mara tatu nione kama nimekosea neno.

Jumanne, Mei 7

Labda alisema hivyo kumtuliza mama. Ndivyo ilivyo. Angenitetea sana, mama angeshuku.

Jumatano, Mei 8

Mvua ya mawe. Robo ya waridi chini. Tumeokota zilizopondeka kwa ajili ya kukausha darini. Mama mkwe amenitengea taulo yangu, na sabuni yangu, na bakuli langu la kuogea.

Ijumaa, Mei 10

Wanawake walikwenda hamamu kuoga. Mimi nimebaki. "Ukipona," akasema mama. Nilimwogesha Tilila kwenye beseni, akanirushia maji usoni akacheka, cheko lake la kwanza lenye sauti! Hakuna aliyelisikia ila mimi. Shauri yao.

Jumapili, Mei 12

Moha amepiga simu. Sauti yake ilikuwa na kitu.

"Rqiya ananiambia hujapona bado."

Mimi sikumwambia Moha. Nilitaka kumwambia akija, uso kwa uso.

"Anasema mama ana wasiwasi. Labda tungoje, Tuda. Mwaka kesho mtoto naye atakuwa mkubwa..."

"Na chumba?"

"Chumba nitampa rafiki yangu mmoja alale."

"Dirisha linaangalia wapi?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Linaangalia ukuta," akasema. "Ila ukiinama unaona bahari."

Mwaka kesho. Tilila atakuwa anatembea. Hatamjua baba yake akija, atajificha nyuma ya shuka langu kama watoto wote wa nyumba za huku ambao baba zao wanakuja na waridi na kuondoka na waridi.

Jumatatu, Mei 13

Nilimuuliza Rqiya, "Kwa nini ulimwambia?"

"Ni ndugu yangu. Alinibana."

"Mimi ya kwako nimeificha."

"Na Mungu atakulipa, wifi," akasema, akanibusu paji la uso. Busu lilikuwa baridi. Au mimi ndiye niliyekuwa na homa, sijui.

Alhamisi, Mei 16

Upepo wa jangwani. Waridi zinafunguka asubuhi, saa nne zimeshakauka kwenye mti. Nachuma, nabeba. Ule mzigo wa Rqiya bado naubeba mimi. Dau ni dau.

Jumatatu, Mei 20

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Chanjo ya pili ya Tilila. Nilimwambia mama nitarudi mara moja. Kwa Ghizlan niliingia na hasira, nikamwambia mbele ya foleni, "Dawa yako haifai. Mwenzangu kapona kwa majani na mimi naoza."

Wanawake wakageuza vichwa wote. Ghizlan akaniambia, "Ingia ndani uoze taratibu, unanitishia wateja."

Akafunga pazia, akanitazama, akaguna. Akauliza niliweka vidonge vyote? Vyote. Niliviingizaje? Kwa kidole.

"Kwa nini kwa kidole?"

"Kwa nini kingine?"

"Vilikuwaje?"

Nikamwambia: laini, rangi ya maziwa, vinayeyuka ukivishika, vinanukia zaatari.

Akafungua kabati. Dawa imeshaletwa, boksi kwa boksi. Akafungua moja mbele yangu. Vidonge vigumu, vyeupe pe, kama mbegu za boga lakini vimenona, kila kimoja kwenye kitundu chake cha karatasi ya fedha. Akakitoa kimoja akanipa ninuse. Hakina harufu. Akaniambia nikibonyeze. Kigumu kama kokoto.

"Ulichotia wewe ni nta, mwanangu. Nta na shabu, nadhani, kwa jinsi palivyochubuka. Nani alikununulia?"

Alikuwa bado anatoa vitu kwenye boksi, na cha mwisho kutoka kilikuwa kijiti cheupe cha plastiki, kama kibomba, chenye kisukumio ndani.

"Na hiki ndicho cha kuingizia," akasema. "Kimo kwenye kila boksi."

Nilikaa chini sakafuni na mtoto mapajani. Ghizlan alidhani nimezimia, akaniletea maji. Sikuzimia. Nilikuwa nasikia sauti ya Rqiya akiimba kwenye miwaridi.

Akaniambia nisitie kitu kingine chochote, maji tu, na nguo ya ndani ya pamba, na vyote sita. Nilipofika mlangoni akaniita. "Sikuulizi tena ni nani. Lakini boksi hili umelichukua kwa mkono wako, na mkono wako ulifikishe."

Nyumbani nilimkuta Rqiya peke yake uani. Mama alikuwa ushirika. Rqiya alikuwa anakeneka marashi ya nyumba: kila mwaka kapu moja haliuzwi, linatiwa kwenye chungu cha shaba, na marashi yake ni ya wenye nyumba. Moto ulikuwa mdogo, mzuri. Nilimlaza Tilila kivulini. Nikatoa kijiti changu nikakiweka juu ya jiwe, kisha nikaingia chumbani kwake, nikakitoa chake kwenye kikapu cha dawa, nikakilaza kando ya changu. Pacha. Kimoja tu kilinuka karafuu.

Alitazama. Akaendelea kutia kuni. Kuni moja. Kuni ya pili.

"Umekwenda zahanati," akasema.

"Nimekwenda."

"Nisikilize, Tuda..."

"Vya nta vilikuwa vya nani?"

"Vyangu. Nilivitengeneza vyangu, wallahi. Nilivitia siku nyingi, havikunisaidia. Nilikuwa navyo mfukoni. Nikatoka kwa yule wa duka la dawa na boksi lako mkononi, nikakaa chini ya ukuta wa soko nikavitazama. Harusi imefika, mwili unaniwaka. Nikasema nitie mimi hivi, yeye atie vyangu, pengine mwili mchanga vitamfaa."

"Ungenunua boksi mbili."

"Yule ni binamu yake Bassou! La kwanza nilimwambia la wifi. La pili ningemwambia la nani, la paka?"

"Nilikwambia tugawane. Jioni ile ile. Ukanisukuma bega, ukaniwekea dau."

"Nusu haimponyi mtu. Wewe mwenyewe ulisema, vyote sita."

"Ningerudi kwa Ghizlan. Ningesema nimevidondosha kwenye mfereji, anipe karatasi nyingine. Ningejikuna mbele yake tena kwa ajili yako, Rqiya. Ungesema neno tu."

Hapo aliiweka kuni chini. Nadhani hilo halikuwahi kumpitia. Na hilo ndilo lililoniuma, kuliko nta, kuliko shabu: kwamba alipokaa chini ya ule ukuta wa soko akawaza njia zote, ya kuniomba mimi haikumjia.

"Nimekubebea mzigo," nikasema. "Wiki tatu nzima nabeba mzigo wako nikiungua. Uliniangalia."

Akaanza kulia. Marashi yalikuwa yanadondoka, tone, tone, na kwa mazoea tu mkono wangu ulikwenda kusogeza chupa isimwagike.

"Utamwambia mama?" akauliza.

"Niliapa kwa kichwa cha mwanangu. Mwambie wewe. Sihitaji useme ya kwako. Sema tu kwamba dawa niliyoletewa haikuwa dawa, na mimi si mchafu. Na Moha umwambie."

"Nitasema," akasema. "Kwa kaburi la marehemu, nitasema."

Jumatano, Mei 22

Kuwasha kumepungua! Nimeamka Tilila ananyonya na mimi sikuwa nawaza mwili wangu. Kwanza sikujua ni nini kimepungua chumbani, kama jirani anapozima redio.

Alhamisi, Mei 23

Rqiya hajasema. Namngoja.

Ijumaa, Mei 24

Nimekula kuskusi nimekaa.

Jumapili, Mei 26

Jana nimetia cha sita. Mzima. Mzima mzima mzima.

Leo waridi zimekwisha, miti imebaki kijani tu kama haijawahi. Mama mkwe alinisikia naimba. Akauliza. Nikasema nimepona, mama. Nikamtazama Rqiya.

Akaweka birika chini. "Amepona, mama," akasema. "Nilimbadilishia mchanganyiko. Nimepunguza karafuu."

Mama mkwe akainuka, akamshika bintiye kichwa akambusu utosini. "Mikono ya dhahabu! Na huyu alitaka kukimbilia vidonge."

Rqiya akamimina chai kutoka juu, povu likasimama zuri.

Jumatatu, Mei 27

Siku ile ya kwanza aliogopa, na mwoga nitamsamehe, labda, nikiwa mkubwa. Jana alikuwa haogopi tena. Jana alikuwa amekaa na mama yake anakunywa chai.

Jumanne, Mei 28

Moha amekuja! Na matikiti maji mawili na nguo ya Tilila inayomtosha mtoto wa miaka miwili. Tilila alimtazama sana, kisha akamshika pua. Kwa hiyo amemkubali.

Mama mkwe alimweleza kabla hata hajavua viatu. Usiku wa kwanza mume wangu ananiambia, "Tumshukuru dada."

Nikamwambia, "Nilipona kwa dawa ya Ghizlan, niliyoichukua kwa mkono wangu. Na sikuwa mchafu. Haya mawili uyashike."

"Na dada je?"

"La dada muulize dada."

Alinitazama. Moha si mjinga. "Kuna jambo."

"Kuna. Si langu."

Siri ya mwenzio ni amana, hata kama yako yeye ameitafuna. Niliona hivyo. Lakini naandika pia kwamba ulimi uliniwasha kuliko kule kote.

Akasema tunaondoka Alhamisi. Nikamuuliza kama ile bahari inaonekana kweli. Akasema ukiinama. Nikamwambia nimezoea kuinama, nachuma waridi.

Jumatano, Mei 29

Hadda, mke wa jirani, mjamzito wa miezi sita, alikuja kutuaga. Kumbe kaja na lake pia. Alizungukazunguka, akamnong'oneza Rqiya, nami nikasikia: ile nta yako, mama yako anasema imemponya wifi yako... Habari imeshapita kwenye mizani ya ushirika. Rqiya alinitazama upesi. Akamwambia Hadda, "Rudi jioni, nitakutengenezea."

Nilichukua ndoo, nikamfuata Hadda mpaka mferejini.

"Mimi sikuponywa na nta," nikamwambia.

"Lakini mama mkwe wako..."

"Hadda. Hiki ni kiuno changu au cha mama mkwe wangu? Nta iliniunguza. Nenda kwa Ghizlan Jumatatu, mwambie una mimba na mwambie unavyojisikia. Atakutukana kidogo. Vumilia. Na akikuandikia karatasi, nenda dukani mwenyewe. Na tumbo lako hilo hilo, nenda. Usimtume mtu."

"Hata Rqiya?"

"Hata mimi."

Aliweka mkono tumboni. Kisha akapita njia ya nyuma, ile isiyopita mlangoni petu. Sijui kama atakwenda.

Alhamisi, Mei 30

Naandika ndani ya basi, herufi zinarukaruka. Tilila amelala juu ya Moha, amemtolea udenda begani.

Asubuhi mama mkwe alinipa mikate na mafuta ya zeituni, akanivuta akanibusu mabega yote mawili. "Usimsahau Rqiya," akasema. "Kama si yeye ungekuwa hapa."

"Simsahau, mama," nikasema. Na hiyo ni kweli tupu.

Rqiya alitoka mwisho. Ameshatiwa hina ya harusi mpaka viwiko. Alinipa mrashi wa chupa, marashi ya kwanza ya mwaka huu. Ni desturi ya nyumba ile: ya kwanza hupewa anayesafiri. Tulikeneka pamoja siku ile, mkono wangu ndio uliosogeza chupa. Alisema, "Ya Tilila. Akipata joto, umpanguse uso."

Nikafungua kizibo. Sikufikiri, mkono ulifungua wenyewe. Nikanusa. Tena nikatia tone kwenye ulimi. Rqiya alisimama ananitazama, na naye aliona ninachofanya, na Moha aliona.

Yalikuwa marashi ya waridi, matamu, safi, ya kwanza kabisa.

"Asante, wifi," nikasema, nikafunga kizibo.

Lakini nilinusa kwanza.